Kisima chenye metali: jinsi ya kujua kama imetoka ardhini, kwenye bomba au kwa watu

Chai ya rangi ikipikwa kwa maji yenye chuma haiwi nyekundu. Inakuwa nyeusi, na ukiinamisha kikombe unaona ubluu pembeni, kama mtu kaidondoshea wino. Bibi mmoja wa kijiji kilicho chini ya mteremko wa Makonde alinikaribisha kikombe cha namna hiyo nilipokwenda kutazama pampu yao. Nikasita. Akacheka. "Kunywa, mjukuu wangu. Hiyo rangi tu. Sisi tumezeeka nayo."

Alikuwa sahihi nusu. Rangi ile ni chuma kilichokutana na tanini ya majani ya chai, na chuma cha kiasi kile hakimdhuru mtu. Nusu ya pili haikuonekana kikombeni. Maji yaliyochotwa alfajiri kwenye pampu ile ile yalikuwa pia na risasi, metali yenye sumu, na risasi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Baadaye tulijua kwamba chuma kilitoka ardhini na risasi ilitoka kwenye pampu yenyewe. Kisima kimoja, vyanzo viwili, na kila kimoja kilitaka dawa yake.

Haya ni maelekezo kwa kamati za maji, mafundi pampu, walimu wenye kisima shuleni, na yeyote aliyechimba cha kwake uani, kuanzia Msimbati mkoani Mtwara hadi Kilwa mkoani Lindi. Nia ni moja: kabla hamjafunga kisima au kuchangishana kununua chujio, mjue metali imetoka wapi. Nimeona kijiji kikihama kisima kizima kwa kosa la bomba, na nimeona kijiji kingine kikibadilisha mabomba yote wakati tatizo lilikuwa kwenye udongo.

Hatua ya 1: Uliza habari za kisima

Waulize wanaochota, siyo mwenyekiti peke yake. Kina mama wanaoamka saa kumi na moja wanajua mambo ambayo hayamo kwenye daftari la kamati: maji huwa mekundu asubuhi tu au siku nzima, yalianza kubadilika baada ya fundi kuja au baada ya mvua kubwa, kiangazi yanazidi au yanapungua.

Kisha andika kina cha kisima, mwaka kilipochimbwa, aina ya udongo au mawe yaliyotoka, na bomba lililomo. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Finland ilifadhili mradi mkubwa wa maji vijijini Mtwara na Lindi, na wazee wengi bado wanavikumbuka visima vya pampu za mkono vya enzi hizo. Ukikuta kisima cha umri huo kinafanya kazi, usidhani kila kilichomo ndani ni cha zamani. Mara nyingi mdomo ni wa mradi wa kwanza, mabomba ni ya ukarabati wa pili, na vali imenunuliwa juzi dukani. Kila kipande kina metali yake.

Hatua ya 2: Ndoo nyeupe, kijiti na majani ya chai

Chota maji kwenye ndoo nyeupe ya plastiki uyaache kivulini.

Yakitoka maangavu, halafu baada ya nusu saa yakaanza kuwa ya manjano na kesho yake kutu ikatuama chini, chuma kilikuwa kimeyeyuka chini ya ardhi kusiko na hewa. Kimepanda juu, kimekutana na oksijeni, kimeganda. Hicho ni cha ardhini. Yakitoka mekundu tangu mkono wa kwanza, na baada ya ndoo tatu nne yakasafika, hiyo ni kutu ya bomba. Ute mweusi unaoshika vidole ndani ya pipa ni dalili ya manganizi. Doa la kijani-bluu chini ya koki ni shaba, na linakuambia pia kwamba maji yana asidi.

Kuna utando mwembamba unaong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji yaliyotulia. Tangu gesi ya Mnazi Bay ianze kuzungumzwa, kila utando wa namna hiyo Mtwara unaitwa mafuta yaliyovuja. Chukua kijiti uuchane katikati. Ukivunjika vipande vyenye ncha kama kioo, na vipande visirudiane, ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa chuma. Mafuta hujiunga tena kijiti kikishapita. Gesi asilia yenyewe haitandi juu ya maji hata kidogo, inapanda na kupotea hewani.

Jaribio la chai nililolitaja hapo juu linafaa kabisa, na usipokuwa na chai, ponda majani machanga ya mpera utie kwenye glasi. Lakini majaribio haya yote yanakuonyesha chuma, manganizi na shaba. Hayakuonyeshi risasi, aseniki, kadimiamu wala zebaki. Maji yanayoonekana mazuri kuliko yote kijijini yanaweza kuwa ndiyo yenye risasi. Naweka msisitizo hapa kwa sababu watu wetu hukimbia maji mekundu wakaenda kwenye maangavu bila kuuliza lolote.

Hatua ya 3: Jua umesimama juu ya nini

Kila metali iliyomo mwilini mwa mwamba inaweza kuingia majini ikipata nafasi. Nafasi hizo ni mbili kubwa: asidi, na ukosefu wa oksijeni.

Uwanda wa Makonde, yaani Newala na Tandahimba, na ule wa Rondo kule Lindi, ni mchanga na mawe ya mchanga. Wekundu wa udongo wake ni oksaidi ya chuma. Mvua inazama mbali sana, ndiyo maana maji ya uwanda wa Makonde yanavutwa kutoka Mitema, chini bondeni Kitangari, yakapandishwa juu. Njiani maji hayakutani na chokaa ya kutosha kuiua asidi yake ndogo ya mvua na ya mizizi. Yanatoka laini, sabuni inatoa povu mara moja, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, inaweza kuwa chini ya 6.5. Maji ya namna hii ni mazuri kwa kufulia lakini yana njaa: yanakula bomba. Kwenye mchanga mwekundu, mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa pampu.

Pwani ni kinyume. Mikindani, Mtwara mjini, Lindi mjini na Kilwa kuna mawe ya matumbawe ya kale, ambayo ni chokaa. Maji yake ni magumu, pH iko juu kidogo, na metali nyingi haziyeyuki kirahisi humo. Shida ya pwani ni chumvi. Ukivuta maji kupita kiasi, bahari inasogea chini kwa chini, na chumvi ikifika inatafuna chuma cha pampu na kuibandua baadhi ya metali, kadimiamu ikiwemo, kutoka kwenye chembe za udongo zilikokuwa zimenata.

Mabonde ya Ruvuma, Lukuledi na Mbwemkuru, pamoja na kingo za mikoko, yana mfinyanzi mweusi na majani yaliyooza. Uozo unamaliza oksijeni. Oksijeni ikiisha, chuma na manganizi vinayeyuka, na aseniki iliyokuwa imeshikiliwa na chuma hicho inaweza kuachiliwa. Ukisikia maji yananuka yai bovu na yana chuma, na kisima kiko bondeni, aseniki ipimwe hata kama hakuna kiwanda wala mgodi kilometa hamsini.

Bara, kwa maana ya Masasi, Nachingwea na Ruangwa, umeingia kwenye miamba migumu ya kale, ile ile inayochomoza kama vilima vya mawe pale Masasi mjini. Maji yanakaa kwenye nyufa, na kila ufa una tabia yake, kwa hiyo visima viwili vilivyopishana mita 200 vinaweza kutoa majibu tofauti bila mtu yeyote kuchafua. Kilima cha Ntaka, Nachingwea, kina nikeli. Ruangwa ina madini ya kinywe (grafaiti) na dhahabu. Mawe ya kinywe na ya dhahabu mara nyingi huja na madini ya salfa ya chuma, yale yanayong'aa manjano na kudanganya wachimbaji wapya. Yakiwa yamefunikwa ardhini yametulia. Yakivunjwa yakapata hewa na mvua yanatoa asidi, na asidi inavuta nikeli, shaba na aseniki. Hapo mwamba ni wa Mungu na sururu ni ya mtu, na ukitaka kutenganisha cha asili na cha binadamu lazima uwe na kipimo cha kabla ya uchimbaji au kisima cha upande ambao haukuchimbwa.

Floridi nimeiacha makusudi. Siyo metali, na kwa nchi yetu sifa yake kubwa iko kaskazini na kati.

Hatua ya 4: Zunguka kisima kwa miguu

Tembea mduara wa mita 100, halafu panda upande wa mwinuko zaidi, kwa sababu maji ya chini mara nyingi hufuata mteremko wa ardhi. Beba daftari.

Choo cha shimo watu wanakijua kwa kipindupindu. Wachache wanajua kwamba kinaleta na chuma. Kinyesi hakina chuma kingi cha kutisha, bali kinatumia oksijeni yote ya udongo unaokizunguka, na chuma cha asili kilichokuwa kimetulia kikayeyuka. Kosa ni la mtu, metali ni ya ardhi. Mita 30 ndiyo nafasi inayotajwa mara nyingi kati ya choo na kisima. Kwenye mchanga mimi siridhiki chini ya 50.

Na ndani ya choo, waulize watoto wanatupa wapi mawe ya tochi. Yale mawe yana manganizi na gamba la zinki. Moja halina neno, lakini nyumba isiyo na umeme kwa miaka ishirini imetupa mangapi? Betri za gari na za sola ndizo zenye risasi. Sehemu fundi anapomwaga maji ya betri, au anapoyeyusha sahani zake kutengeneza vizito vya nyavu, pana risasi na asidi kwa pamoja, na huo ni mchanganyiko mbaya kuliko yote katika mwongozo huu. Gereji, dampo, karakana ya kuchomelea na vyuma chakavu viandike vyote na umbali wake.

Sasa korosho. Hapa najua nitagusa tumbo la mkoa. Salfa ya unga inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga siyo metali, na salfa safi haileti risasi. Lakini ikianguka chini, vijidudu vya udongo vinaigeuza asidi. Hesabu yake ni rahisi: kilo 1 ya salfa ikibadilika yote inazaa kilo 3 hivi za asidi ya salfa, na kuiua kunahitaji kilo 3 hivi za chokaa. Mchanga wa uwanda hauna akiba hiyo ya chokaa. Mwaka mmoja hauonekani. Miongo ya kupuliza inashusha pH ya udongo, aluminiamu na manganizi vinalegea, na maji yanayozama yanafika chini yakiwa na njaa zaidi. Sisemi mtu aache kupuliza. Nasema kisima kifupi kilicho katikati ya shamba la zamani la mikorosho kipimwe pH kila mwaka, na asiwepo mtu wa kuoshea mota ya kupulizia pale kisimani. Bustani za mboga zinazotumia dawa ya ukungu ya bluu zinaacha shaba udongoni. Hiyo kwa kawaida inashika juu na haizami mbali.

Kwa wachimbaji wadogo: mwalo (pa kuoshea mchanga wa dhahabu), marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa) na mahali pa kuchomea dhahabu. Zebaki nyingi huenda hewani na kwenye matope ya mto kuliko kwenye kisima kirefu, lakini kisima kifupi kilichochimbwa kando ya marudio siwezi kunywa maji yake bila kipimo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, ila marudio ya zamani hayakuridhia chochote, bado yapo pale pale.

Hatua ya 5: Chupa mbili, siyo moja

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiruka nyingine zote usiruke hii.

Jioni, watu wakimaliza kuchota, fungeni pampu kwa mnyororo na kufuli. Usiku mzima maji yalale ndani ya bomba. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote, jaza Chupa A kwa maji ya kwanza kabisa. Bomba la inchi 1 na robo lenye urefu wa mita 25 linabeba lita 20 hadi 25, yaani dumu moja na ziada kidogo. Maji ya dumu hilo yamelala na chuma, zinki, shaba na risasi ya pampu kwa saa nane au tisa. Ni maji ya bomba.

Kisha pampu. Lengo ni kutoa maji yote yaliyokuwa yamesimama kisimani mara tatu, ili yaje yaliyotoka kwenye mwamba. Chukua kisima chenye bomba la ukuta la inchi 6 na maji ya kimo cha mita 20 ndani yake. Ujazo wake ni lita 350 hivi. Mara tatu ni lita 1,050, sawa na madumu 53 ya lita 20. Kwa pampu ya mkono inayotoa lita 15 kwa dakika ni saa moja na dakika kumi. Usimwage. Waambie watu waje na madumu yao, kila mtu apampu ya kwake, wewe hesabu. Kwenye kisima kifupi cha pete za zege, chenye upana wa mita 1.2 na maji mita 2, humo kuna lita zaidi ya 2,200. Hutamaliza mara tatu, basi acha saa ya kwanza ya matumizi ipite ndipo uchukue.

Dumu la 53 likijaa, jaza Chupa B.

Metali ikiwa juu kwenye A na ikashuka sana kwenye B, chanzo ni pampu au bomba. Ikiwa sawa kwenye zote mbili, imetoka ardhini au imefika ardhini kwa sababu ya watu. Ikiwa juu zaidi kwenye B kuliko A, usishangae: umevuta maji kutoka mbali, na uchafu uko mbali.

Mkipata fedha, ongezeni Chupa C kutoka kisima cha jirani chenye kina kinacholingana na kwenye udongo huo huo. Visima vitano vya bonde moja vikiwa na manganizi inayokaribiana, hiyo ni ardhi. Kimoja tu kikiwa na risasi na vinne havina, rudi kwenye daftari la mduara.

Kazi hii ifanyike mara mbili kwa mwaka: Oktoba au Novemba kabla ya mvua, na Machi au Aprili ardhi ikiwa imelowa. Kinachopanda wakati wa mvua mara nyingi kinatoka juu, kwa watu. Kinachopanda kiangazi, hasa pamoja na chumvi, kinatoka chini.

Hatua ya 6: Usipeleke tope maabara

Niliwahi kufanya kosa hili na bado linanikera. Kisima kilikuwa kipya, hakijasafishwa vya kutosha, maji yana ukungu wa mfinyanzi. Nilijaza chupa, nikatia asidi ya kuhifadhi kama nilivyofundishwa, nikasafirisha. Majibu yakarudi na chuma na aluminiamu vya kutisha, na risasi juu. Kijiji kikaacha kisima, kina mama wakarudi kuchota mtoni msimu mzima. Tuliporudia baada ya kisima kusafishwa, na maji yakichujwa kabla ya asidi, yalikuwa salama. Asidi ilikuwa imeyeyusha tope ndani ya chupa. Nilipima udongo nikauita maji.

Kwa hiyo: chupa ni za plastiki zilizooshwa na maabara, siyo za soda. Isuze mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe isipokuwa kama imeshatiwa asidi. Usiguse mdomo wake, na ukichota usivute sigara wala kushika spana yenye grisi. Jaza chupa mbili kwa kila sampuli: moja iliyochujwa kwa karatasi ya maikromita 0.45 papo hapo, moja isiyochujwa, zote zitiwe asidi ya naitriki mpaka pH iwe chini ya 2. Asidi itiwe na mtu wa maabara au aliyefunzwa, inaunguza. Zebaki ina chupa na utunzaji wake, hivyo waulize kabla. Chupa ya nyongeza isiyo na asidi ni ya kloridi, naitreti na salfeti. pH na uwezo wa kupitisha umeme pima pale pale kisimani, kwani pH hubadilika njiani.

Andika juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika: kisima, A au B, saa, idadi ya madumu yaliyotolewa kabla. Mnaanzia RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, wilayani, au mamlaka ya maji kwa mjini, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini kwa mambo ya uchafuzi wa chanzo. Uliza gharama ya kila kipimo kabla ya safari. Msipokuwa na fedha za vyote, risasi, aseniki, manganizi na pH ndivyo ningelipia kwanza. Nachingwea na Ruangwa ongezeni nikeli.

Hatua ya 7: Kusoma karatasi ya majibu

Linganisha kwanza na viwango vya Shirika la Afya Duniani, kwa miligramu katika lita moja: risasi 0.01, aseniki 0.01, kadimiamu 0.003, zebaki 0.006, kromiamu 0.05, nikeli 0.07, shaba 2, manganizi 0.08. Hicho cha manganizi ni cha muda na kimewekwa kwa kuwafikiria watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Chuma hakina kiwango cha afya, kuanzia 0.3 kinaanza kuharibu ladha na nguo. Mtagundua kwamba metali inayowafanya watu wagombane kisimani haina kiwango cha afya.

Halafu angalia nani kaja na nani. Metali hutembea na ndugu zake.

Zinki na kadimiamu kidogo, pamoja na risasi, juu kwenye A na chini kwenye B: bomba la chuma lililopakwa zinki, lile mafundi wanaliita GI. Shaba, zinki na risasi: vifaa vya shaba ya njano, yaani vali, koki na viungio. Chuma na manganizi bila zinki, sawa kwenye A na B: ardhi. Chuma na manganizi pamoja na naitreti au kloridi kuzidi visima vya jirani: ardhi iliyochokozwa na choo. Nikeli na kromiamu upande wa Nachingwea: anza kushuku mwamba. Risasi bila zinki, kwenye A na B, na gereji iko mwinuko: nadhani huhitaji kuambiwa.

Salfeti inasaidia kutenganisha bahari na vingine. Maji ya bahari yana salfeti ambayo ukiigawa kwa kloridi unapata 0.14 hivi. Gawanya za kwenu. Ikikaribia hapo na chumvi iko juu, bahari imeingia. Ikizidi sana na pH iko chini, ni salfa ya mikorosho au mawe yenye salfa. Kilwa uwe mwangalifu, kwa sababu jasi ya Pindiro ni salfeti nayo, na yenyewe haishushi pH.

Hatua ya 8: Tengeneza kilichoharibika

Kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapungua, metali inabaki, mnaikoleza. Klorini nayo ni ya kuua vijidudu. Naandika hili kwa sababu kila semina kuna anayesema "tutachemsha".

Ikiwa ni bomba, badilisheni bomba. Plastiki ngumu ya kazi hiyo au chuma kisichoshika kutu, na vifaa vya shaba vinavyouzwa kwa maji ya kunywa. Wakati mnachangishana, dumu mbili za kwanza za asubuhi ziende kwenye kufua, kumwagilia na kuchanganya udongo wa tofali. Mtoto asipikiwe uji kwa maji hayo. Ni hatua isiyo na gharama, na inaondoa sehemu kubwa ya risasi ya usiku.

Ikiwa ni chuma cha ardhini, kipeni hewa. Toboa ndoo ya juu matundu madogo mengi ili maji yaanguke kama mvua kwenye ndoo ya pili, yalale usiku, asubuhi yapite kwenye ndoo ya mchanga: kokoto chini, mchanga mkubwa katikati, mchanga laini sentimita 40 juu, zote zimeoshwa mpaka maji ya kuoshea yawe meupe. Kwenye maji yenye asidi chuma huganda polepole. Tabaka la vipande vya mawe ya chokaa ya nchi kavu, yale ya machimbo, siyo matumbawe ya kung'oa baharini, linapandisha pH na kuharakisha. Manganizi ni kaidi zaidi na mchanga mpya hauikamati vizuri. Safu nyekundu ya juu ikwanguliwe inapoziba, na izikwe mbali na kisima.

Ikiwa ni choo, hameni choo. Kisima hakihami.

Ikiwa ni aseniki, zebaki, nikeli au risasi iliyomo kwenye Chupa B, msijitengenezee chujio cha ndoo. Kisima kibaki cha kufulia na kumwagilia, kiandikwe hivyo kwa rangi ukutani, na maji ya kunywa yatafutwe kwingine: kisima cha kina tofauti, au maji ya mvua ya bati safi lisilopakwa rangi ya zamani. Taarifa ipelekwe kwa maandishi kwa RUWASA na Bodi ya Bonde, pamoja na nakala ya majibu ya A na B. Karatasi yenye chupa mbili inabishaniwa kidogo kuliko yenye moja.

Mkibadilisha chochote, subirini wiki mbili, fungeni pampu tena jioni, mjaze A na B kwa saa zile zile.

Kwa yule bibi mabomba yalibadilishwa pamoja na vali. Risasi na zinki ziliondoka kwenye Chupa A. Chuma kilibaki kama kilivyokuwa, cha kwao na cha ardhi yao. Sasa anaweka ndoo mbili barazani tangu jioni, na nilipopita mara ya mwisho chai ilikuwa nyekundu. Alisema haina ladha.